Aliyeumia Amemkosea Nani?

Masomo: Luka 13:1-5, Matendo ya Mitume 28:1-6, Kumbukumbu la Torati 22:8



Tunawasalimu nyote, baba, mama, vijana na watoto, mlioko mahemani na ninyi mliopata vyumba kwa wenyeji wetu hapa Magara. Tunamshukuru Mungu aliyetuvusha ziwa na kutuweka hai hata leo. Katika ukurasa huu tunataka kusema juu ya jambo ambalo halihubiriwi sana, lakini linaingia katika nyumba zetu kila juma. Ni jambo la kuumia.

Tangu tufike hapa tumeona majeraha mengi ambayo si ya risasi. Mama anashuka kilimani na mzigo wa kuni, udongo umelowa, anateleza na mkono unavunjika. Kijana anapata kibarua cha kukata mikungu ya chikichi, mti una umande wa asubuhi, anaanguka. Watoto wanaoga ziwani, mmoja anavutwa na wimbi. Mwingine anafuata mpira mpaka barabara kuu inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge, na pikipiki inamgonga. Wengine wanajikata kwa panga, wanakanyaga misumari, wanaumwa na nyoka vichakani.

Mnajua wenyewe mahali hapa palivyo. Milima imeshuka mpaka karibu na maji. Katikati pamebaki kipande chembamba cha nchi, na ndani ya kipande hicho kuna nyumba, michikichi, barabara, na sisi. Tena ziwa letu Tanganyika si dimbwi. Kina chake kinafika mita 1,470, nalo ni la pili duniani kwa kina. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huamsha mawimbi makubwa, na jioni viboko hutoka majini kutafuta majani. Hapa mtu hahitaji kuwa mkosaji ili aumie. Inatosha atoke nje kutafuta maji na kuni.

Lakini tumesikia maneno yanayozunguka mahemani. Mtu akiumia mara moja watu husema, "Pole." Akiumia mara ya pili husema, "Aangalie sana." Akiumia mara ya tatu wanaanza kunong'ona: "Huyu ana mkosi. Kuna kitu nyumbani kwao. Alikanyaga nini? Mama yake alifanya nini?" Hapo mgonjwa anakuwa na vidonda viwili, kimoja mwilini na kingine moyoni. Na hicho cha pili kimefunguliwa na midomo ya ndugu zake. Kwa hiyo tunauliza mbele ya Neno la Mungu: aliyeumia amemkosea nani?

KWANZA: BWANA YESU ALIIKATAA HESABU HIYO

Katika Luka 13 watu walimletea Bwana habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato wakiwa katika kutoa dhabihu. Bwana akawajibu, kisha yeye mwenyewe akaongeza habari nyingine ambayo hawakumwuliza: watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Angalieni vizuri. Hao wa kwanza waliuawa na askari. Hao wa pili waliuawa na ajali. Akawaweka pamoja, akauliza kama hao walikuwa wakosaji kuwapita wenzao, na jibu lake lilikuwa hapana. Kisha akawageuzia neno waliokuwa wakisikiliza: tubuni ninyi. Yaani kifo cha jirani yako hakikupi kitabu cha dhambi zake ukisome. Kinakukumbusha kufungua kitabu chako.

Sisi tunavijua vyote viwili, askari na mnara. Mwezi wa Desemba 2014 meli iitwayo Mutambala ilizama katika ziwa hili hili, upande wa Kongo katika maji ya Katanga, na zaidi ya watu 120 wakafa. Walikuwamo wafanyabiashara, mama wenye watoto, watu waliokuwa wakirudi nyumbani. Je, walikuwa wakosaji kuliko waliokosa nafasi wakabaki bandarini? Habari zilizotolewa zilisema chombo kilikuwa kimezidishiwa watu na mizigo, na upepo ukawa mkali. Mwezi wa Machi 2015 mvua ilibomoa mlima huko Gitaza, kwenye barabara hii hii kuelekea Bujumbura. Nyumba zikabomoka, njia ikakatika. Je, watu wa Gitaza walikuwa waovu kuliko watu wa Minago ambao mlima wao haukuanguka usiku ule?

Tena tukumbuke jambo moja. Tulipokimbia, wapo waliotuuliza, "Ninyi mlifanya nini huko kwenu hata Mungu akawatawanya?" Neno lile lilituchoma. Hakuna hata mmoja wetu aliyelikubali. Basi neno tulilolikataa lilipoelekezwa kwetu, tutawezaje kumwelekezea mtoto aliyevunjika mguu?

PILI: PAULO NAYE ALIUMWA AKIOKOTA KUNI

Mtume Paulo alikuwa mtu wa imani, lakini someni Matendo 28. Chombo kimevunjika. Watu 276 wametoka majini wakiwa hai, wamefika kisiwa cha Melita bila kitu, mvua inanyesha, baridi ni kali. Wenyeji wanawafanyia wema, wanawasha moto. Hali hiyo sisi hatuhitaji kuelezwa na mtu. Paulo haketi akisema, "Mimi ni mtume, nileteeni moto." Anakwenda kuokota kuni. Nyoka anatoka katika mzigo ule na kumshika mkono.

Watu wakasema mara moja: huyu ni mwuaji, ameponyoka bahari lakini haki haimwachi. Walipoona hakuvimba wala hakuanguka, wakageuka wakasema ni mungu. Katika muda mfupi mtu mmoja amekuwa mwuaji, kisha mungu, na mara zote mbili wamekosea! Hakuwa mwuaji wala mungu. Alikuwa mtu aliyeokota kuni.

Tena Luka anatuambia sababu ya nyoka kutoka: joto la moto. Maandiko yenyewe yametaja sababu, na sababu hiyo ni ya kawaida kabisa. Nyoka alikuwa amelala katika vijiti, moto ukamwamsha. Mungu alimwokoa Paulo, na hilo ni muujiza, tunamsifu kwa hilo. Lakini kuumwa kwake hakukuwa hukumu. Ndugu, mkisikia mtu ameumia, tafuteni kwanza joto la moto lilikuwa wapi kabla ya kutafuta mwuaji.

TATU: MTOTO ALIYEITWA MWENYE MKOSI

Tuwape mfano wa hapa hapa. Jina hatulitaji, na mama yake ametuambia tuandike ili wengine wasaidike.

Kuna mtoto wa miaka minane katika ushirika wetu. Katika miezi michache alianguka katika mtaro wa maji akapasuka kichwa. Akapona, kisha akaanguka kwenye mawe ya ufukweni akiwa na bidoni ya maji, akavunjika mkono. Baadaye akakanyaga mafiga yenye moto, akaungua mguu. Wenzake wakaacha kucheza naye. Majirani wawili wakamwambia mama ahamishe hema lake kwa sababu mtoto anavuta mabaya. Mtu mmoja anayejiita mwombaji akasema mtoto afunge siku saba bila kula ili kitu kilicho ndani yake kitoke. Mtoto wa miaka minane, mwenye kidonda cha moto, siku saba!

Wazee wa kanisa na mama wa sala walikwenda kukaa na mama yule. Hawakwenda na mafuta ya kutoa pepo. Walikwenda na maswali. Alianguka wapi? Alikuwa anafanya nini? Ilikuwa saa ngapi? Mama akajibu moja moja. Mtaroni ilikuwa jioni, jua limezama. Ufukweni ilikuwa jioni. Kwenye mafiga ilikuwa jioni, taa haijawashwa. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi ya afya huko kwetu akanyamaza kidogo, kisha akamwuliza mtoto, "Mwanangu, jua likizama unaniona?" Mtoto akasema, "Ninasikia sauti yako tu."

Walimpeleka kituo cha afya. Huko wakaambiwa ni upofu wa usiku, ambao huja mwili ukikosa vitamini A. Mchana mtoto anaona kama wengine. Giza likianza yeye hapati chochote, na kwa kuwa ni mtoto alidhani watu wote wako hivyo. Alipewa dawa ya vitamini A, na mama akafundishwa chakula: lengalenga, majani ya viazi vitamu, viazi vyenye rangi ya chungwa, maini yakipatikana, ndagala, na mawese mekundu. Sikieni hilo, wapendwa. Tunaishi katikati ya michikichi, na mawese mekundu ni chakula kinacholinda macho ya watoto. Wekeni kijiko katika chakula cha mtoto kikiwa tayari. Msiyachome mpaka yawe meupe, maana rangi ile nyekundu ndiyo yenye faida.

Mtoto yule siku hizi huumia kama watoto wengine wanavyoumia. Kovu la mguu analo. Lakini kama angefungishwa siku saba, ule upungufu uliokuwa unamwangusha ungeongezeka, na huenda leo tungekuwa tunaandika maneno mengine.

Wako na wengine wanaoumia mara kwa mara kwa sababu zilizofichika. Mmoja haoni vizuri mbali. Mwingine ana njaa, na mwenye njaa miguu hutetemeka chini ya mzigo. Mwingine halali usiku kwa kuota vita, mchana mawazo yako mbali, panga linapita. Mwingine ana kifafa. Katika Mathayo 17 baba mmoja alimleta kwa Yesu mwanawe aliyekuwa akianguka mara nyingi motoni na mara nyingi majini. Mara nyingi! Bwana hakumwuliza baba yule dhambi zake. Hakusema mtoto aondolewe kijijini. Alisema aletwe kwake, akamponya.

Basi mwenye kifafa mwombeeni, na pia mpelekeni kituo cha afya, maana dawa zipo na asiziache ghafla. Akianguka msimkimbie, povu lake haliambukizi. Mwondoeni karibu na moto na maji, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, kaeni naye mpaka azinduke. Naye asiende ziwani wala kupika peke yake.

NNE: AJALI INA KINGA

Kuna msemo tunaoupenda: ajali haina kinga. Msemo huu hufariji msibani, lakini hauwezi kuwa sheria ya nyumba ya mkristo. Katika Kumbukumbu 22:8 Mungu aliagiza kwamba anayejenga nyumba mpya azungushe ukuta mfupi juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Katika Kutoka 21 anayechimba shimo bila kulifunika, mnyama wa mwenziwe akatumbukia, analipa. Mungu wa mbinguni, aliyeumba milima na maziwa, aliona vema kuagiza habari za ukuta na kifuniko cha shimo. Kwake kuzuia ajali ni sehemu ya kumpenda jirani.

Na tusije tukasema, "Mungu atanilinda," huku tukipanda mti uliolowa. Shetani alimwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa kuwa malaika watamchukua. Bwana alikataa kumjaribu Mungu. Malaika wapo, tunaamini. Lakini ngazi iliyooza ni ngazi iliyooza.

Basi kuta zetu hapa Magara ni hizi:

Ziwani, mtoto asiende bila mkubwa anayemtazama, na anayetazama asiwe anafua huku amegeuka mgongo. Maji yachotwe mchana, maana giza ni saa ya mamba na kiboko. Anayepanda mtumbwi uliojaa kupita kiasi, ashuke. Nauli hurudi, mtu harudi.

Kwenye mchikichi, mti ukiwa umelowa subirini ukauke. Kagueni kamba kabla ya kupanda, na watoto wasisimame chini. Mtu akianguka na mgongo unauma, msimkunje juu ya pikipiki. Mlazeni juu ya ubao, mchukueni akiwa amenyooka. Mfupa uliovunjika usikandwe wala kuvutwa. Ufungeni kwa vijiti usitikisike, mwende kituo cha afya.

Kwenye kuni, nendeni wawili au zaidi, vaeni kitu miguuni, gongeni kichaka kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, asitembee, abebwe haraka. Aliyeungua apoozwe kwa maji safi kwa dakika 20, bila dawa ya meno, majivu wala mafuta.

TANO: MEZA YA MEFIBOSHETHI NA MIJI YA MAKIMBILIO

Tumeandika kinga, lakini wengine wameshaumia na hawatakuwa kama zamani. Kwenu ninyi tuna neno la 2 Samweli 4:4. Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano. Habari mbaya za vita zikafika, mlezi wake akamchukua akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete. Ni mtoto aliyelemaa katika kukimbia! Wangapi kati yetu wana mtoto wa namna hiyo? Mama wangapi husema usiku, "Ningemshika vizuri zaidi"?

Mama, sikiliza. Maandiko hayamlaumu mlezi yule hata kwa neno moja. Alikuwa anaokoa uhai, na uhai aliuokoa. Miaka ikapita, Mefiboshethi akiwa ameishi Lo-debari nyumbani kwa mtu mwingine, mfalme Daudi akamtafuta, akamrudishia mashamba ya babu yake, akamketisha mezani pake kila siku. Hatusomi kwamba miguu yake ilipona. Sura ya 9 inakwisha ikisema bado alikuwa kiwete miguu yote miwili. Lakini alikula mezani kwa mfalme. Kanisa lisiloweza kuponya mguu linaweza kuandaa meza.

Na aliyemwumiza mwenzake bila kukusudia naye ana neno lake. Kumbukumbu 19 inataja mtu aliyekwenda mwituni na mwenziwe kukata kuni. Shoka likachomoka katika mpini, likampiga mwenziwe akafa. Mungu alifanya nini kwa mtu huyo? Alimtengea mji wa kukimbilia. Miji sita katika Israeli, na akaagiza njia za kwenda huko zitengenezwe, ili hasira ya watu isimkute kabla ya haki. Wakimbizi wenzangu, miji ya makimbilio iliwekwa kwa ajili ya watu waliopatwa na ajali! Je, sisi tulioonja wema wa kupokewa, tutamkosesha makimbilio kijana ambaye jiwe lake liliteleza likamvunja mwenzake?

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu kwa kila nyumba. La kwanza, neno "mkosi" juu ya mtu aliyeumia lisitoke midomoni mwetu tena. Mahali pake tuulize: wapi, saa ngapi, ulikuwa unafanya nini? La pili, Jumamosi hii baada ya sala ya asubuhi, vijana na wazee tukutane na majembe na mapanga. Tutafunika mashimo yaliyoachwa wazi kati ya mahema, tutafyeka njia ya maji, na kuchagua mahali pamoja pa watoto kuoga pamoja na zamu za kuwatazama. La tatu, kila Jumapili kutakuwa na kikapu kidogo mlangoni kwa ajili ya nauli ya kuwapeleka majeruhi hospitali. Asiye na pesa alete mabega yake, maana wagonjwa wengi hapa hubebwa.

Tuombe: Ee Bwana, wewe uliyejua uchovu wa njia na maumivu ya mwili, watazame walioumia katika mahema haya. Wape nguvu mama wanaouguza. Wafundishe mikono yetu kufunika mashimo, na midomo yetu kunyamaza pale tusipojua. Walinde watoto ziwani, mlimani na barabarani. Na siku mmoja wetu akianguka, atukute karibu. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.

Ndugu yenu katika Kristo, Mchungaji, pamoja na wazee wa kanisa